Kupiga Picha: Wakati wa Hesabu na Wakati wa Jicho

Mazungumzo ya redio kwa wanafunzi watu wazima. Somo la Sita.

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na wale wenye madaftari wameyaweka tayari. Kama mnasikiliza kwa kikundi, mmoja wenu awe na kalamu mkononi, maana leo nitataja hesabu kidogo. Hesabu hizo zitachapwa pia katika kijitabu cha masomo haya, kwa hiyo atakayepitwa na neno asihuzunike.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza namna ya kuishika kamera isitikisike, na namna mwanga unavyoingia ndani yake. Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo linalowasumbua wote wapigao picha, awe fundi wa studio au mzazi mwenye simu ya mkononi. Jambo lenyewe ni hili: je, mpiga picha mwema ni yule apimaye kila kitu kwa uangalifu kabla ya kubonyeza, au ni yule anasaye tukio papo hapo bila kungoja?

Kabla sijajibu, nitawaeleza kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nasomea stashahada, niliazima kamera ya rafiki yangu nikaenda nayo kijijini kumpiga picha bibi yangu, mama yake baba. Nilikuwa nimetoka kusoma kitabu juu ya kamera, nikajiona fundi. Nilimvalisha bibi kanga mpya, nikamketisha kwenye kigoda chini ya mwembe. Nikapindua kinu, nikaiegemeza kamera juu yake. Nikapima mwanga. Nikapima umbali. Nikabadili namba, nikazirudisha, nikapima tena. Bibi alikaa kimya, mikono magotini, kama mtu anayengoja hukumu barazani. Mwishowe nikabonyeza.

Picha ile ilitoka safi. Kila mstari wa kanga ulionekana, na kila ufa wa kigoda. Lakini baba yangu mdogo alipoitazama alisema, "Huyu ni mama, lakini mwenyewe hayumo."

Sasa sikilizeni lililofuata. Nilipokuwa naikunja mikanda niiweke kamera mfukoni, mjukuu mdogo alimfukuza kifaranga, akajikwaa, akatumbukia kitako ndani ya beseni la mihogo iliyorowekwa. Bibi akacheka. Alicheka kama alivyocheka siku zote, kiganja kimoja shavuni na kichwa kikienda nyuma. Nikainyanyua kamera kwa haraka, nikabonyeza. Na picha hiyo ya pili ilitoka kama moshi. Utaona rangi za kanga, na kitu cheupe ambacho ni meno yake, basi. Uso haupo.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Watu walipotaka picha ya kuwekwa sebuleni, tulikuwa na ile ya kwanza tu. Mpaka leo watoto waliozaliwa baadaye huuliza, "Bibi alikuwa mkali sana?" Nami hujibu kwamba hakuwa mkali hata kidogo. Lakini neno langu haliwezi kushindana na picha iliyo ukutani.

Basi, wasikilizaji, naliharibu mara mbili siku moja, na kwa njia mbili zilizo kinyume. Mara ya kwanza nilikuwa na hesabu bila wepesi. Mara ya pili nilikuwa na wepesi bila hesabu.

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo mtu akizisikia pamoja hudhani zinagombana. Moja yasema: Haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema: Ngoja ngoja yaumiza matumbo. Mtoto wa shule atauliza, tufuate ipi? Jibu ni kwamba hazigombani, ila kila moja ina saa yake. Mtazameni mvuvi. Jioni hukaa ufukweni, akaukagua wavu wake tundu kwa tundu, akashona palipotoboka, akaukunja kwa taratibu. Hapo ukimhimiza afanye haraka atakucheka. Lakini samaki wakichomoza, mvuvi yule yule hurusha wavu kwa pigo moja wala hatazami mafundo. Mafundo aliyatazama jana.

Hilo ndilo neno la somo letu la leo. Hesabu ya kamera ina wakati wake, nao ni kabla ya tukio. Jicho lina wakati wake, nao ni wakati wa tukio. Mpiga picha akichanganya nyakati hizi mbili, hupoteza zote.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe. Msiogope, ni fupi kuliko hesabu ya duka.

Kamera hupokea mwanga kwa kutegemea mambo matatu. La kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi. Tundu lina namba zake: 4, 5.6, 8, 11, 16, na nyinginezo. Kumbukeni kwamba namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Kila ukishuka hatua moja, kama kutoka 16 hadi 11, mwanga unaoingia huwa maradufu. La pili ni muda ambao mlango wa kamera hubaki wazi. Mlango huo mafundi huuita shata. Muda wake ni sehemu ndogo ya sekunde: sehemu moja ya 15, ya 125, ya 500. La tatu ni wepesi wa filamu, au wa kioo cha kamera ya siku hizi, kuupokea mwanga. Wepesi huo hupimwa kwa namba iitwayo ISO: 100, 200, 400 na kuendelea. Namba ikiwa kubwa, mwanga kidogo hutosha.

Iko kanuni moja ya zamani ambayo kila mpiga picha yafaa aijue kwa moyo. Jua likiwa kali wala hakuna wingu, weka tundu 16, na shata iwe sehemu moja ya namba ya ISO. Yaani, ISO ikiwa 100, shata iwe sehemu moja ya 100 ya sekunde, au iliyo karibu yake, sehemu moja ya 125. ISO ikiwa 400, shata iwe sehemu moja ya 400 au 500. Ukiingia katika kivuli kilicho wazi, kama cha mti au baraza, ongeza mwanga hatua 3: kutoka 16 uende 11, kisha 8, kisha 5.6.

Tazameni basi kosa langu chini ya mwembe. ISO yangu ilikuwa 100. Kivulini nilistahili kuweka tundu 5.6 na shata sehemu moja ya 125. Lakini nilitaka kila kitu kionekane wazi, mbele na nyuma, nikaliziba tundu hadi 16. Kwa kuwa tundu lilikuwa dogo, nilipaswa kuiacha shata wazi muda mrefu zaidi: sehemu moja ya 15 ya sekunde. Kwa mtu aliyetulia kama jiwe, na kamera iliyoegemezwa juu ya kinu, hakuna taabu. Lakini kwa mtu anayecheka, na kamera iliyo katika mikono inayotetemeka, sehemu moja ya 15 ni muda mrefu mno. Kama ningeweka ISO 400 na tundu 5.6, shata yangu ingekuwa sehemu moja ya 500. Kicheko cha bibi kingekaa kwenye picha mpaka leo. Hesabu hiyo ingechukua nusu dakika, nami nilikuwa na alasiri nzima.

Labda mmoja wenu atauliza, tofauti ya 15 na 500 ni kubwa hivyo? Tufanye hesabu nyingine. Mtoto anayekimbia aweza kwenda mita 5 kwa sekunde moja. Shata ikiwa wazi sehemu moja ya 50 ya sekunde, mtoto husogea sentimita 10 kabla haijajifunga. Shata ikiwa sehemu moja ya 500, husogea sentimita 1 tu. Kwa hiyo ukitaka kumpiga picha mtoto anayecheza, chagua shata ya kasi kwanza, kisha mengine yaifuate.

Sasa nataka kuwapa mfano wa mtu aliyeijua hesabu hata ikamwokoa wakati hakuwa na nafasi ya kupima. Mtu huyo ni Ansel Adams, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1902. Adams alikuwa bingwa wa kupima. Yeye pamoja na Fred Archer ndio waliotunga, karibu na mwaka 1940, utaratibu wa kugawa mwanga wa picha katika ngazi, kuanzia weusi mtupu hadi weupe mtupu. Utaratibu huo husomwa vyuoni mpaka leo. Ukimsikia mtu wa namna hiyo utadhani hakuwa na haraka maishani mwake.

Lakini jioni ya tarehe 1 Novemba 1941 alikuwa akirudi kwa gari karibu na kijiji cha Hernandez, katika jimbo la New Mexico. Mara akauona mwezi umechomoza juu ya milima, na chini yake kijiji, kanisa, na makaburi yenye misalaba myeupe. Jua lilikuwa likizama nyuma yake, na miale ya mwisho ilikuwa bado ikiigusa misalaba. Akasimamisha gari kwa ghafla, akawahimiza wenzake wamtolee vyombo. Kamera yake haikuwa ndogo kama zetu. Ilikuwa ile kubwa ya kusimamishwa, yenye filamu ya inchi 8 kwa 10, na kila filamu huingizwa moja moja. Akaiweka tayari. Akatafuta kipima mwanga chake. Hakikuonekana.

Mngefanyaje ninyi? Wengine wangeendelea kutafuta chini ya viti mpaka jua lizame. Wengine wangebahatisha namba yoyote. Adams hakufanya hili wala lile. Alikumbuka kwamba mwangaza wa mwezi ulijulikana kwa kipimo, nao ni mishumaa 250 kwa kila futi ya mraba. Kutoka hapo alifanya hesabu kichwani, akaweka tundu 32 na shata sekunde 1, akabonyeza. Kisha akakigeuza kibebeo cha filamu ili apige ya pili. Kabla hajawahi, mwanga ulikwisha kuondoka kwenye misalaba. Ikabaki ile moja tu, nayo ikawa mojawapo ya picha zinazojulikana sana duniani.

Mnaona, jioni ile Adams hakupima. Alikuwa amepima miaka mingi kabla, na vipimo vile vilikuwa vimekaa kichwani mwake. Tena tusimfanye malaika. Ile filamu haikutoka kamili: sehemu ya chini, penye kijiji, ilikuwa hafifu, na mwaka 1948 ilimbidi aiongezee nguvu kwa dawa. Hata tarehe yenyewe Adams hakuiandika; wataalamu wa nyota ndio walioipata baadaye kwa kukokotoa mahali mwezi ulipokuwa. Bingwa alisahau tarehe na akapoteza kipima mwanga, lakini picha hakuipoteza.

Mtasema, haya ni ya mwezi na milima, vitu visivyocheka wala kukimbia. Sawa. Basi twende kwa watu.

Karibu na mwaka 1930 Martin Munkácsi, mzaliwa wa Hungaria, alipiga picha ya wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbia kuingia majini. Picha hiyo hujulikana duniani kwa jina la ziwa letu la Tanganyika. Wavulana wameonekana kwa nyuma, weusi mbele ya povu jeupe la wimbi, na viungo vyao vimepangana kama maandishi. Kijana mmoja wa Ufaransa, Henri Cartier-Bresson, aliiona picha ile mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baadaye alisema kwamba hiyo ndiyo iliyomwonyesha kile ambacho kamera inaweza kufanya. Alinunua kamera ndogo aina ya Leica, akawa bwana wa kunasa tukio, na kitabu chake cha mwaka 1952 kilifanya watu wa lugha nyingi waseme juu ya "wakati wa kukata shauri", yaani ile nukta ambamo mambo yote hukaa mahali pake.

Picha yake mojawapo ni ya mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris. Mtu anaruka dimbwi la maji, na kisigino chake kiko karibu kugusa maji lakini hakijagusa. Ukiiona utasema, bahati hiyo! Na kweli bahati ilikuwapo, maana aliipiga kwa kuchungulia katika nafasi ya ua wa mbao, na baadaye ikabidi akate ukingo wa picha. Lakini tazameni bahati hiyo ilimkuta mtu wa namna gani. Kwanza, alikuwa amesomea uchoraji kwa mwalimu mkali, akafundishwa kupanga mistari na maumbo mpaka jicho lake likazoea. Pili, alishika lenzi ya aina moja, ya milimita 50, akajua bila kutazama ni kiasi gani cha barabara kitaingia katika picha. Hakuhitaji kufikiri juu ya kamera, kama vile ninyi msivyofikiri juu ya pedali mnapoendesha baiskeli.

Na studio je? Huko hakuna mtu anayeruka dimbwi, lakini shida ya bibi yangu ipo: mtu akikalishwa hugeuka kuwa gogo. Hapa tujifunze kwa Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Keïta alitumia kamera kubwa yenye filamu ya sentimita 13 kwa 18. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alimpiga kila mteja picha moja tu. Fikirini, moja tu! Hana nafasi ya kukosea mwanga, wala hana nafasi ya kunasa uso uliokufa. Alifanyaje? Alipiga picha nje, uani, kwa mwanga wa mchana alioujua, mbele ya pazia lililokwisha kutundikwa. Kazi ya hesabu ilikuwa imekwisha kabla mteja hajafika. Basi muda wote uliobaki aliutumia kwa mtu mwenyewe: kumgeuza bega kidogo, kumpanga mkono, kumpa kitu cha kushika, kama redio au kalamu au ua. Watu wakatulia, wakajiona ni waungwana, na picha zikaonyesha hivyo.

Katika mji ule ule wa Bamako alifuata Malick Sidibé, ambaye alipenda zaidi kwenda mahali watu walipokuwa wakifurahi. Siku za Jumamosi alikwenda kwa baiskeli kutoka dansa moja hadi nyingine, na kamera ndogo yenye taa ya kumulika. Picha yake ya mwaka 1963, ya kaka na dada wakicheza usiku wa Krismasi, vichwa vyao vimekaribiana, imezunguka dunia nzima. Mwaka 2007 alipewa zawadi ya Simba wa Dhahabu mjini Venice. Sidibé naye alikuwa na hesabu yake. Taa ya kumulika hupoteza nguvu upesi: ukienda mbali mara 2, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo tu. Kwa hiyo mpiga picha wa dansa huchagua umbali wake kwanza, tuseme mita 2 au 3, huweka tundu linalofaa umbali huo, kisha husogea yeye mwenyewe kwa miguu badala ya kusumbuka na namba. Nanyi mwaweza kufanya hivyo harusini.

Basi tuyakusanye haya yawe utaratibu wa kazi. Nitasema mambo manne.

Jambo la kwanza, panga kamera kabla hujamwita mtu. Ukiwa na kamera yenye namba na lenzi ya milimita 35, mchana weka tundu 8 na lenga umbali wa mita 3. Kwa kamera ya filamu ya kawaida ya milimita 35, kila kitu kilicho kati ya mita 2 na mita 7 kitaonekana wazi kiasi cha kutosha. Huna haja ya kulenga tena; mtoto akipita, bonyeza.

Jambo la pili, kitazame kipima mwanga kama mtumishi, si kama bwana. Kipima mwanga hudhani kwamba kila kitu duniani kina rangi ya katikati, si nyeusi wala nyeupe. Kwa hiyo bwana harusi mwenye uso mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huuona ukuta, hudhani mwanga ni mwingi, hupunguza, na uso hugeuka kivuli kitupu. Wengi wetu tuna picha za jamaa zetu za namna hiyo: kanzu inang'aa lakini mwenye kanzu hajulikani. Dawa yake ni kupima karibu na uso wenyewe, au kumtoa mtu mbele ya ukuta huo. Mwenye simu aiguse sura ya mtu kwenye kioo cha simu. Simu itapima mwanga wa uso. Katika simu nyingi, ukikibonyeza kioo kwa muda kidogo, kipimo hicho hujifunga kisibadilike. Tena futeni lenzi ya simu kwa kitambaa safi. Simu inayokaa mfukoni hupata mafuta ya vidole, na picha hutoka kama iliyopigwa kwenye ukungu.

Jambo la tatu, picha ya kwanza ni ya kamera, picha ya pili ni ya mtu. Mkikaa kumpiga mzee picha, pigeni moja kwa ajili ya kujaribu mwanga. Itazameni, rekebisheni, kisha sahauni namba kabisa. Mwulizeni mzee habari za shamba, au za ujana wake, au za siku aliyoposa. Msimwambie, "Cheka!" Kicheko cha kuamriwa si kicheko. Kaeni tayari, kidole kikiwa mahali pake. Na mzee akisema, "Basi, tumemaliza?" msiitie kamera mfukoni kama nilivyofanya mimi. Mara nyingi mtu hurudi kuwa yeye mwenyewe dakika ile anayodhani kazi imekwisha.

Jambo la nne, jueni kosa lipi la kusamehewa. Picha alizopiga Robert Capa pwani ya Normandy, tarehe 6 Juni 1944, zina ukungu na mtikisiko, nazo zimehifadhiwa na kuheshimiwa, kwa kuwa zina kitu ndani yake. Picha iliyotikisika kidogo lakini ina uhai, iwekeni. Picha iliyo safi lakini haina mtu ndani yake, iwekeni pia, maana siku moja huenda ikawa ndiyo pekee mliyo nayo. Lakini msiridhike nayo. Wala uvivu usijifiche nyuma ya jina la Capa. Yeye alitikisika katikati ya vita. Sisi tulio chini ya mwembe hatuna udhuru.

Mtu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, simu yangu hufanya hesabu zote yenyewe, mimi nijifunze ya nini?" Swali zuri. Ni kweli, simu hufanya hesabu, na mara nyingi huzifanya vizuri. Lakini simu haijui ni nani unayempenda katika kundi. Yaweza kuupima ukuta na kumwacha mama yako gizani. Jioni, mwanga ukipungua, huichelewesha shata bila kukuambia, na mtoto anayekimbia hugeuka moshi. Ukiijua hesabu, utajua wakati wa kuiachia simu na wakati wa kumsogeza mtoto karibu na dirisha.

Sasa kazi ya juma hili. Kwanza, kila mtu achague mahali pamoja nyumbani kwake, kama baraza au kivuli cha mti, apige picha za kitu kimoja asubuhi, adhuhuri na jioni, na kuandika mwanga ulivyokuwa. Akifanya hivyo siku saba, atapajua mahali pale kama Keïta alivyoujua ua wake. Pili, jizoezeni kuitoa kamera au simu na kuiweka tayari huku macho yenu yakimtazama mtu, si vidole. Hesabuni: mkianza kwa sekunde kumi, fikeni sekunde tatu. Tatu, nalo ndilo kubwa, nendeni kwa mzee mmoja wa jamaa yenu ambaye hana picha inayomfanana. Kaeni naye. Pigeni picha ya kwanza ya kamera, kisha ngojeni ile ya mtu.

Na maswali ya kuzungumza katika vikundi ni haya. Moja: tazameni picha moja ya zamani ya ukoo wenu, je, mtu aliye ndani yake ni yule mnayemkumbuka? Kama siye, kosa lilikuwa la hesabu au la jicho? Mbili: katika kazi zenu, za kushona, kupika, kuvua au kupiga ngoma, ni mambo gani hutengenezwa kabla ili mkono uwe mwepesi baadaye? Tatu: ni wakati gani katika harusi ambao mpiga picha akichelewa hauwezi kurudiwa, naye ajitayarishe vipi?

Wasikilizaji wangu, nimesema nanyi juu ya namba nyingi leo, lakini sababu yangu si namba. Sebuleni kwetu iko picha ya mama mzee aliyekaza uso, na kila nipitapo huona kosa langu limetiwa fremu. Siwezi kuirudia. Ninyi mwaweza, kwa kuwa wazee wenu wengine wangali hai, na juma hili lina siku saba.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutajifunza namna ya kuhifadhi picha na filamu zisiharibiwe na unyevu na mchwa. Mpaka hapo, kwaherini.